Ufunguo wa Kwanza: Madaraka ya Msimamizi Katika Kompyuta Mpya

Kompyuta mpya inapotolewa katika boksi lake na kuwashwa kwa mara ya kwanza, huuliza maswali machache kabla ya kukubali kazi yoyote. Huuliza lugha, huuliza nchi na majira ya saa, kisha huuliza jina la mtumiaji na neno la siri. Watu wengi huyajibu maswali haya kwa haraka, kwa kuwa wanatamani kuifikia kazi yenyewe. Hata hivyo, swali la jina la mtumiaji halilingani na mengine. Saa ikikosewa leo, itarekebishwa kesho. Jina la kwanza likiwekwa bila kufikiri, mashine nzima huwa imekabidhiwa mtu mmoja, na kuirudisha mikononi mwa shule huweza kuwa kazi ngumu. Pengine haiwezekani bila kufuta kila kitu kilichomo.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini iko hivyo, na kuonyesha utaratibu ambao shule yoyote inaweza kuufuata. Yameandikwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa sekondari, na mifano yake imechukuliwa katika mazingira ya Tanga na pwani ya kaskazini, toka Mkinga hadi Pangani. Huko, kama ilivyo kwingi nchini, kompyuta moja hutumiwa na watu wengi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigawa kompyuta kwa shule za umma, na shule nyingine hupata mashine zilizokwisha kutumika kutoka kwa wafadhili na wahitimu wake. Katika hali zote hizo, mtu fulani hukaa mbele ya kioo na kuyajibu maswali ya kwanza.

MFUMO ENDESHI NA KAZI YA ULINZI

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kazi zote za kompyuta. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaoamuru diski kusoma na kuandika, na unaoziruhusu programu nyingine kufanya kazi kwa zamu. Windows, Linux na macOS ni mifano ya mifumo endeshi inayojulikana sana.

Msingi wa ulinzi umo ndani ya kichakataji chenyewe. Vichakataji vya kompyuta za leo vina angalau hali mbili za kufanya kazi. Katika hali ya kwanza, amri zote zinaruhusiwa, pamoja na zile zinazogusa vifaa na kumbukumbu ya kila programu. Hali hii ni ya kiini cha mfumo endeshi peke yake. Katika hali ya pili, baadhi ya amri zimefungwa, na programu ikijaribu kuzitumia, kichakataji huisimamisha na kutoa taarifa kwa kiini. Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua au ya kuchezea muziki, hufanya kazi katika hali hii ya pili.

Basi, programu ikitaka kufungua faili, haiwezi kuliendea diskini yenyewe. Lazima ikiombe kiini. Kiini nacho huuliza mambo mawili: programu hii inafanya kazi kwa niaba ya nani, na je, mtu huyo ameruhusiwa kufanya jambo hili kwa faili hili? Jibu likiwa ndiyo, kazi hufanyika. Likiwa hapana, programu hurudishiwa kauli ya kukataliwa. Hapo ndipo umuhimu wa akaunti unapoonekana. Akaunti ndiyo utambulisho ambao kiini hutumia katika kuamua, na kila programu unayoifungua huchukua madaraka ya akaunti uliyoingilia.

Kwa kawaida akaunti ni za namna mbili. Akaunti ya kawaida inaweza kuandika na kusoma mafaili yake, kutumia programu zilizokwisha kuwekwa, na kubadili mambo madogo yanayomhusu mwenye akaunti tu. Akaunti ya msimamizi inaweza kuweka na kuondoa programu, kufungua na kufunga akaunti za wengine, kubadili maneno yao ya siri, kusoma mafaili yao, na kuzima ulinzi wenyewe. Katika Linux na jamii yake, msimamizi mkuu hutambuliwa kwa namba 0, na kiini hakimzuii karibu katika jambo lolote.

NAHODHA NA RUBANI

Watu wa pwani wanaufahamu mpangilio wa kazi katika chombo. Jahazi lina nahodha, lina serahangi, lina mabaharia. Kila mmoja ana mahali pake, na usukani hauachwi kwa kila apitaye. Wazee wamesema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Kompyuta ambayo kila mtumiaji wake ni msimamizi iko katika hali hiyohiyo.

Lakini katika bandari kama ya Tanga kuna mtu mwingine ambaye mfano wake unafaa zaidi kwa somo letu. Meli kubwa inapokaribia, rubani wa bandari huifuata kwa boti, hupanda, na kuielekeza katika mkondo. Kazi ikiisha, hushuka na kurudi kwake. Haji kwa safari nzima. Huja kwa sehemu ile tu inayohitaji ujuzi na dhamana yake.

Mifumo endeshi ya leo hujaribu kuyatumia madaraka ya msimamizi kwa namna hiyo. Mtumiaji hufanya kazi zake za kila siku bila madaraka makubwa. Ikitokea haja ya kuweka programu mpya, mfumo husimama na kuomba idhini. Idhini ikitolewa, madaraka hutumika kwa kazi hiyo moja, kisha huondolewa. Kanuni iliyo nyuma ya mpango huu iliandikwa bayana mwaka 1975 na wanasayansi wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder: kila programu na kila mtumiaji apewe madaraka yale tu yanayotosha kutimiza kazi yake, wala si zaidi.

HISTORIA KWA UFUPI

Kompyuta za awali zilitumiwa na kazi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo swali la nani aruhusiwe nini lilijibiwa na mlango wa chumba. Mambo yalibadilika watu wengi walipoanza kuitumia mashine moja kwa pamoja. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa namna hiyo ulioitwa CTSS, na katika mfumo huo kila mtumiaji akawa na neno lake la siri. Haikuchukua muda ulinzi huo ukavunjwa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa utafiti, Allan Scherr, aliyepewa saa chache kuliko alizozihitaji, aliiagiza mashine ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watu wote, akaanza kutumia muda wa wenzake. Hakuhitaji ufundi mkubwa. Faili lile lilikuwa likisomeka na mtu asiyestahili kulisoma.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell walianza kuutengeneza mfumo wa Unix, ambao ndani yake kila faili likaja kuwa na mwenyewe na orodha ya ruhusa. Mnamo mwaka 1980, katika chuo kikuu cha serikali ya jimbo la New York kilichoko Buffalo, ikatungwa programu ya sudo, inayomwezesha mtumiaji wa kawaida kutekeleza amri moja kwa madaraka ya msimamizi. Programu hiyo inatumika hadi leo.

Kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kuenea katika miaka ya 1980, somo hili liliachwa kando. Mashine ilihesabiwa kuwa mali ya mtu mmoja, na aliyeiwasha akawa na uwezo wote. Hata Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001 ikiwa na akaunti kamili, iliwafanya watumiaji wote waliotajwa wakati wa kuisakinisha kuwa wasimamizi, bila hata neno la siri. Ni pale Windows Vista ilipotolewa kwa umma mwaka 2007 ndipo mfumo huo ulipoanza kumsimamisha hata msimamizi na kumwomba idhini kabla ya kugusa mambo makubwa.

Hapa nchini kompyuta zilianza kutumika katika Wizara ya Fedha miaka ya 1960. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuweka hesabu za Serikali katika kompyuta kuharibika, uingizaji wa mashine hizo ulipigwa marufuku, na zuio hilo lililegezwa katika miaka ya 1980. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Leo kijana wa Muheza anaweza kuisakinisha kompyuta peke yake, na kwa hiyo maamuzi yaliyokuwa ya wataalamu wachache yamefika mezani pake.

NANI HUWA MSIMAMIZI WA KWANZA?

Jibu ni fupi: anayeyajibu maswali ya kwanza. Katika Windows, akaunti ya kwanza inayofunguliwa huingizwa katika kundi la wasimamizi. Ipo pia akaunti nyingine ya msimamizi iliyozaliwa na mfumo wenyewe, lakini tangu Windows Vista akaunti hiyo hufungwa isitumike. Katika macOS, mtumiaji wa kwanza ni msimamizi. Katika Ubuntu, ambayo ni aina moja ya Linux, akaunti ya msimamizi mkuu imefungwa, na mtumiaji wa kwanza hupewa ruhusa ya kutumia sudo. Katika Debian, msakinishaji huulizwa neno la siri la msimamizi mkuu; akiacha nafasi hiyo wazi, akaunti ile hufungwa na mtumiaji wa kwanza hupewa sudo.

Kwa hiyo mfumo wenyewe haumjui mkuu wa shule wala mwalimu wa somo. Unalijua jina lililoandikwa kwanza.

MFANO WA SHULE MOJA

Tuchukue shule ya kubuni, iwe katika wilaya ya Pangani. Shule imepata kompyuta tano zenye Windows 11. Mwalimu kijana mwenye ujuzi anazisakinisha jioni moja, na kwa kuwa mfumo unataka akaunti ya mtandaoni ya Microsoft, anatumia anwani yake mwenyewe ya barua pepe na namba yake ya simu. Kazi inakwisha vizuri na kila mtu anamshukuru.

Mambo matatu yametokea bila ya mtu kukusudia. La kwanza, mwalimu yule amekuwa msimamizi pekee wa mashine zote. La pili, katika kompyuta nyingi za namna hii, mtumiaji akiingia kwa akaunti ya mtandaoni, diski husimbwa yenyewe, yaani maandishi yake hugeuzwa yasisomeke bila ufunguo. Ufunguo wa kufungulia diski wakati wa hitilafu una tarakimu 48, nao huhifadhiwa katika akaunti ile ya mtandaoni, ambayo ni mali ya mwalimu binafsi. La tatu, ili kurahisisha kazi, wanafunzi na makarani wanaingia kwa akaunti ileile, na neno lake la siri limebandikwa ukutani.

Tuendelee na mfano wetu. Mwanafunzi anarudi kutoka duka la steshenari akiwa na flashi aliyochapishia kazi yake, na ndani yake imo programu hasidi. Kwa kuwa akaunti iliyo wazi ni ya msimamizi, mfumo unauliza tu: ndiyo au hapana? Mwanafunzi anabonyeza ndiyo, kama alivyozoea kuwaona wengine wakifanya. Programu ile inapata madaraka yote, inazima ulinzi, na kuingia hadi katika mafaili ya alama za tathmini endelevu. Kama mwanafunzi yule angekuwa katika akaunti ya kawaida, mfumo usingeridhika na ndiyo. Ungetaka neno la siri la msimamizi, na kazi ingekomea hapo.

Miezi michache baadaye mwalimu anahamishiwa Kigoma. Anaandika hati ya makabidhiano kama kanuni za kazi zinavyotaka: vitabu, funguo za maabara, samani. Akaunti haimo katika hati, kwa kuwa hakuna aliyeihesabu kuwa mali ya shule. Siku moja kompyuta ya ofisi inapata hitilafu na kuuliza zile tarakimu 48. Simu ya mwalimu haipatikani. Fundi yeyote mwaminifu atasema kwamba mashine yaweza kufutwa na kuanza upya, bali yaliyomo hayawezi kuokolewa.

Shule hudumu kuliko walimu wake. Tanga School, iliyoanzishwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, imepitia utawala wa Wajerumani, wa Waingereza, na miongo mingi ya uhuru, na walimu wake wa kila zama wamekuja na kuondoka. Madaraka juu ya mashine ya shule yanapaswa kufuata mfano wa ufunguo wa ofisi: hubaki mezani mtu anapohama.

UTARATIBU WA KUFUATA

Hatua zifuatazo zinatosha kwa shule ya kawaida, na hazihitaji programu ya kununua.

1. Kabla ya kuwasha. Mkuu wa shule, mwalimu wa kompyuta na mwalimu mwingine mmoja wakae pamoja kwa muda mfupi. Waamue nani atashika madaraka ya msimamizi, nani atakuwa wa akiba, na akaunti zipi za kawaida zitafunguliwa. Uamuzi uandikwe katika daftari.

2. Anwani ya shule. Ikiwa mfumo unaosakinishwa unadai akaunti ya mtandaoni, ifunguliwe kwanza anwani ya barua pepe ya shule, ikiambatana na namba ya simu ya ofisi. Mifumo kama Ubuntu na Debian haidai akaunti ya namna hiyo.

3. Akaunti ya kwanza. Iandikwe kwa jina la kazi, kwa mfano "msimamizi", isiandikwe kwa jina la mtu. Akaunti hii haitatumika kuandika barua, kusoma habari wala kutazama picha. Itafunguliwa pale tu panapokuwa na kazi ya usimamizi.

4. Msimamizi wa akiba. Ifunguliwe akaunti ya pili ya msimamizi, yenye neno la siri tofauti, ishikwe na mtu mwingine. Moja ikipotea, nyingine itaokoa kazi.

5. Akaunti za kawaida. Kila mwalimu awe na yake, ofisi iwe na yake, na wanafunzi wawe na zao kwa kadiri inavyowezekana. Mwalimu wa kompyuta naye awe na akaunti ya kawaida kwa kazi zake za kila siku. Jambo hili husahauliwa mara nyingi: aliye na madaraka ndiye anayehitaji zaidi kufanya kazi bila ya kuyavaa.

6. Bahasha. Maneno ya siri ya wasimamizi, pamoja na zile tarakimu 48 ikiwa diski imesimbwa, yaandikwe kwa mkono ulio safi, yatiwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa saini mbili juu ya ukingo wake, kisha iwekwe katika kabati la chuma la ofisi. Kila ifunguliwapo, tarehe na sababu ziandikwe, na maneno ya siri yabadilishwe.

7. Masahihisho ya mfumo. Msimamizi aunganishe mashine na intaneti, aweke masahihisho yote yaliyotolewa na watengenezaji, kisha atoke.

8. Kuhakikisha. Mtu aingie kwa akaunti ya mwanafunzi na kujaribu mambo matatu: kubadili tarehe ya mashine, kusakinisha programu, na kufungua folda ya mwalimu. Mawili ya kwanza yadai neno la siri la msimamizi, na la tatu likataliwe au lidai neno hilo. Lolote likikubaliwa bila kuulizwa, kazi ya kugawa ruhusa haijakamilika.

9. Makabidhiano. Mwenye madaraka akihama, akaunti na bahasha ziandikwe katika hati yake ya makabidhiano, na anayepokea abadilishe maneno ya siri siku hiyohiyo.

HESABU YA NENO LA SIRI

Msimamizi mwenye neno la siri dhaifu ni sawa na mlango wenye kitasa cha karatasi. Hebu tupime kwa hesabu. Tuseme mtu ameiba diski, na ana mashine inayoweza kujaribu maneno bilioni 1 kwa sekunde. Neno la herufi ndogo 8 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika herufi 26 lina uwezekano wa 26 kwa kipeo cha 8, yaani 208,827,064,576. Mashine itayamaliza yote kwa sekunde 209 hivi, ambazo hazifiki dakika 4. Tukiongeza herufi hadi 12, muda wa kuyamaliza yote unafika takribani miaka 3. Tukifikisha herufi 16, unazidi miaka milioni 1.

Hesabu hii inaonyesha kwamba urefu una faida kubwa. Lakini inahusu herufi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu tu. Jina la mji pamoja na mwaka, au jina la shule, au la timu ya mpira, hujaribiwa mwanzoni kabisa, hata kama ni refu. Njia nyepesi ni kuchukua maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyopatikana kwa kufungua kamusi bila kuchagua, na kuyaunganisha. Sentensi ya methali haifai, kwa kuwa kila mtu anaijua.

MIPAKA YA KINGA HII

Si vema kumwacha msomaji na imani kwamba akaunti zikipangwa vizuri hatari zote zimekwisha. Iko mipaka minne.

Kwanza, ruhusa hulindwa na mfumo endeshi ukiwa macho. Mtu aliyeshika mashine yenyewe anaweza kuiwasha kwa mfumo mwingine uliomo katika flashi na kuisoma diski moja kwa moja. Kinga dhidi ya hilo ni kuisimba diski, na kuufunga mlango wa chumba.

Pili, programu hasidi iliyoingia kwa akaunti ya kawaida haiwezi kuharibu mfumo, lakini yaweza kuharibu mafaili ya akaunti ile. Kwa hiyo nakala za akiba ni lazima, nazo zihifadhiwe katika diski inayochomolewa na kuwekwa mbali.

Tatu, kasoro katika mfumo wenyewe huweza kuzivuka ruhusa zote. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea katika takribani nchi 150, ikipita katika kasoro moja ya Windows bila kumwomba mtumiaji ruhusa yoyote. Sahihisho la kasoro ile lilikuwa limetolewa mwezi Machi mwaka huohuo. Nyingi kati ya mashine zilizoathirika hazikuwa zimeliweka. Shule zenye Windows 10 zijue kwamba huduma ya kawaida ya masahihisho ya mfumo huo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kuipokea Windows 11 yaweza kuendelea kufanya kazi kwa kusakinishwa Linux.

Nne, sheria na maadili haviwezi kuachwa kando. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaohifadhi habari za watu wazilinde, na majina na alama za wanafunzi ni habari za namna hiyo. Msimamizi anaweza kufungua mafaili ya wengine; uwezo huo haumpi haki ya kuyafungua bila sababu ya kazi.

ZOEZI LA DARASANI

Zoezi hili linahitaji kompyuta moja yenye Linux. Katika mfumo huo kila faili lina ruhusa za makundi matatu: mwenye faili, kundi lake, na watu wengine wote. Kila kundi hupewa tarakimu moja, inayopatikana kwa kujumlisha: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza kama programu ni 1. Hivyo 6 ni kusoma na kuandika, 5 ni kusoma na kutekeleza, 7 ni yote matatu, na 0 ni hakuna.

Mwalimu atengeneze faili liitwalo alama.txt, alitie katika kundi la walimu, kisha aandike amri chmod 640 alama.txt. Amri ls -l alama.txt itaonyesha -rw-r-----, maana yake mwenye faili anasoma na kuandika, walimu wenzake wanasoma tu, na wengine hawana ruhusa. Sasa mwanafunzi aingie kwa akaunti yake na kujaribu kulisoma faili. Darasa litazame kauli inayorudi, kisha lieleze ni nani hasa aliyekataa: programu iliyotumika, au kiini cha mfumo?

MASWALI

1. Eleza kwa nini programu inayofunguliwa na msimamizi ni hatari zaidi kuliko programu ileile ikifunguliwa na mtumiaji wa kawaida.

2. Faili lina ruhusa 664. Nani anaweza kuliandika? Je, 777 ingefaa kwa faili la alama? Toa sababu.

3. Kila tarakimu ya ruhusa yaweza kuwa 0 hadi 7. Kuna mipangilio mingapi ya tarakimu tatu?

4. Mashine ya kujaribu maneno ya siri ikiongezewa kasi mara 1,000, neno la herufi 12 za bahati nasibu litachukua muda gani kupatikana kwa kuyapitia yote?

5. Chunguza kompyuta moja ya shule yako kwa idhini ya mwalimu. Ina wasimamizi wangapi? Akaunti ya kwanza ni ya nani? Andika mapendekezo yasiyozidi nusu ukurasa kwa mkuu wa shule.

Swali la tano ndilo la maana kuliko yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa kwa urahisi wakati mwenye akaunti ya kwanza yungali shuleni na neno lake la siri angali analikumbuka.